Willis O'Brien: Fundi aliyewapa mazimwi uhai

WAPENZI wa sinema za kale wana filamu zao ambazo hawazitaji mbele ya wageni bila kutabasamu kwanza. Mojawapo ni The Black Scorpion, iliyotoka mwaka wa 1957. Volkano inalipuka nchini Mexico, ardhi inapasuka, na kutoka mapangoni wanachomoza nge wakubwa kuliko magari, wakaanza kuangusha garimoshi na kuwala abiria. Hadithi yenyewe haina jipya. Mashujaa wake wanazungumza kana kwamba wamekariri maneno yao asubuhi hiyo hiyo.

Isitoshe, fedha za kutengenezea filamu hiyo zilipungua kabla ya kazi kukamilika. Ndiyo maana katika baadhi ya picha nge anayetembea barabarani ni kivuli cheusi tu, mfano wa tundu lililokatwa kwa makasi katikati ya mji. Nao uso wa nge anayedondokwa na mate unarudiwa mara nyingi hadi mtazamaji anauzoea kama uso wa jirani.

Lakini zipo dakika chache, kule pangoni, ambapo mtazamaji huacha kucheka. Nge wanakutana, wanasitasita, wanapimana nguvu, kisha wanavamiana. Anayejeruhiwa anatapatapa kama kiumbe anayesikia uchungu. Hakuna mnyama wa kweli hapo wala mtu aliyevishwa ngozi. Ni sanamu ndogo za mezani, zilizosogezwa kwa vidole, kidogo kidogo, chini ya usimamizi wa mzee aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 70 na ambaye karibu hakuna aliyemtambua mitaani. Mzee huyo alikuwa Willis O'Brien, ambaye miaka 24 awali alikuwa ameuonyesha ulimwengu King Kong.

O'Brien alizaliwa Machi 2, 1886 katika mji wa Oakland, jimbo la California nchini Marekani. Hakuwa mtoto wa kukaa nyumbani. Akiwa na umri wa miaka 11 tu alitoroka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya ng'ombe, na alipofika miaka 13 aliondoka tena. Alikuwa kibarua wa shambani, mfanyakazi wa kiwandani, mtega wanyama wa ngozi, mchunga ng'ombe na mhudumu wa baa. Alishiriki mashindano ya kupanda farasi wakali. Aliwahi pia kuwa kiongozi wa njia kwa wataalamu wa visukuku waliokuwa wakichimbua katika eneo la Crater Lake, jimbo la Oregon, na inaaminika kwamba hapo ndipo alipoanza kuvutiwa na dinosaria, wale wanyama wakubwa waliotoweka duniani mamilioni ya miaka kabla ya binadamu kuwepo.

Baadaye kipaji chake cha kuchora kilimpatia kazi katika ofisi ya msanifu wa majengo, kisha katika gazeti la San Francisco Daily News alikokuwa mchoraji wa vibonzo vya michezo. Aliingia pia ulingoni. Alishinda mapigano yake tisa ya kwanza ya ndondi, akapigwa katika la kumi, akastaafu. Alifanya kazi katika reli, kwanza kama mhudumu wa breki na baadaye kama mpimaji ardhi, kisha akawa mchongaji wa marumaru. Mtu angeweza kudhani kwamba kijana huyu hakujua alilolitaka. Ila kila kazi aliyoiacha ilimwachia kitu: jinsi farasi anavyoruka kwa hasira, jinsi bondia anavyoyumba baada ya konde, na jinsi mfupa unavyobeba nyama.

Inasimuliwa kwamba wazo lenyewe lilizaliwa akichezea sanamu za udongo za mabondia. Aliwaza: iwapo sanamu itapigwa picha, ikasogezwa kiasi kidogo sana, ikapigwa picha tena, na hivyo hivyo mara mamia, je, haitaonekana ikipigana yenyewe? Wapo waliokuwa wamejaribu jambo hilo kabla yake, hasa huko Ulaya, lakini O'Brien alilifanya kuwa kazi ya maisha yake. Akisaidiwa na mpigapicha mmoja wa filamu za habari, alitengeneza kipande kifupi cha dinosaria na mtu wa mapangoni. Mfanyabiashara wa sinema wa San Francisco, Herman Wobber, alikiona akampa dola 5,000 atengeneze filamu kamili. Filamu hiyo, The Dinosaur and the Missing Link, ilikuwa ya dakika chache tu na ilitengenezwa mwaka wa 1915. Kampuni ya Thomas Edison iliinunua, na O'Brien akapewa kazi ya kutengeneza nyingine za aina hiyo.

Ni vyema kueleza ugumu wa kazi hii, kwa sababu ndiyo siri ya mvuto wake. Katika filamu yenye sauti, sekunde moja ina picha 24. Mnyama anapotembea kwa sekunde hiyo moja, fundi amemgusa mara 24 na kumsogeza mguu, mkia, shingo na kope, akikumbuka mwendo wa kila kiungo. Siku nzima ya kazi humalizika kwa sekunde chache. Taa ikiungua au meza ikitikiswa, kazi inarudiwa. Wakati wa King Kong inasimuliwa kwamba miongoni mwa mimea iliyopambia msitu wa bandia mlikuwa na ua halisi, ambalo hakuna aliyeliona likichanua polepole mchana kutwa. Filamu ilipooshwa, ua likaonekana likifunguka kwa kasi nyuma ya wanyama, na kazi ya siku nzima ikatupwa.

Mkasa wa kwanza wa kudhulumiwa ulimpata mapema. Alitengeneza The Ghost of Slumber Mountain kwa ushirikiano na Herbert Dawley, na filamu hiyo, iliyogharimu takriban dola 3,000, ikaingiza zaidi ya dola 100,000. O'Brien alipata kidogo mno kutokana na faida hiyo. Dawley alidai kwamba ubunifu ulikuwa wake, akavitumia vipande vilivyobaki katika filamu nyingine. Mambo ya namna hii yangemwandama O'Brien hadi kaburini, naye hakuwa mtu wa kupiga kelele.

Ushindi wake mkubwa wa kwanza ulikuwa The Lost World ya mwaka wa 1925, iliyotokana na riwaya ya Arthur Conan Doyle kuhusu wasafiri wanaokuta dinosaria wangali hai Amerika Kusini. Kwa kazi hiyo alimtafuta kijana kutoka Mexico, Marcel Delgado, aliyekutana naye katika masomo ya jioni ya sanaa. Delgado alikuwa akifanya kazi dukani na alisita kuacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya mambo ya sinema. Hatimaye alikubali, akatengeneza karibu sanamu 50, zenye mifupa ya chuma ndani, misuli ya sifongo na ngozi ya mpira. Baadhi ziliwekewa mfuko wa hewa kifuani ili zionekane zikipumua. Jambo hilo la kupumua ni dogo, lakini mnyama anayepumua huku amesimama tu humfanya mtazamaji asahau kwamba anatazama mwanasesere.

Hata kabla filamu kumalizika, mnamo Juni 1922, Conan Doyle alichukua vipande vya majaribio akavionyesha katika mkutano wa chama cha wanamazingaombwe mjini New York, bila kueleza vilikotoka. Watu ambao riziki yao ilikuwa ni kuwahadaa wengine walikaa kimya wakitazama dinosaria wakila na kupigana. Gazeti la New York Times liliandika kwamba iwapo hizo zilikuwa picha za bandia, basi zilikuwa kazi ya hali ya juu mno. Mwandishi huyo alilazimika kutoa maelezo siku iliyofuata.

Baada ya hapo ilifuata miaka ya kungoja. Kampuni ya RKO ilimwajiri atengeneze Creation, kisa kingine cha watu na dinosaria, na akaifanyia kazi kwa miezi mingi. Mnamo 1931 mtayarishaji Merian Cooper aliletwa kukagua miradi ya kampuni hiyo iliyokuwa ikizama katika madeni. Aliitazama Creation, akaona haina hadithi ya maana, akaifuta. Kwa bahati alikuwa na ndoto yake mwenyewe ya gorila mkubwa, ndoto iliyotokana na vitabu vya safari za Afrika alivyovisoma utotoni. Awali alifikiria kupiga picha za gorila halisi. Alipoona kazi ya O'Brien, alielewa kwamba jitu lake lingeweza kuzaliwa juu ya meza.

King Kong wa mezani alikuwa na kimo cha inchi 18 hivi. Mwili wake ulifunikwa kwa manyoya ya sungura, na kila alipoguswa, vidole vya mafundi viliyavuruga manyoya hayo. Katika filamu yanaonekana yakicheza bila upepo. O'Brien na wenzake walihofia kwamba wakubwa wangeliona hilo kuwa kasoro. Kinyume chake, wapo walioisifu kazi hiyo wakidhani manyoya yalisimama kwa sababu ya hasira ya gorila. Kasoro hiyo bado inaonekana hadi leo, na ukweli ni kwamba wapenzi wa filamu hii wasingependa iondolewe.

Pambano la Kong na dinosaria mla nyama pekee lilichukua takriban wiki saba. Anayelitazama kwa makini atamwona bondia wa zamani wa San Francisco: Kong anakwepa, anarusha konde, anashika mguu wa adui na kumwangusha. Baada ya kushinda, anaishika taya ya maiti na kuichezesha, kama mtoto asiyejua kifo ni nini. Kitendo hicho hakikuwa cha lazima katika hadithi. Ni cha O'Brien.

Filamu hiyo ilizinduliwa New York Machi 2, 1933, siku O'Brien alipotimiza miaka 47. Marekani ilikuwa katika lindi la umaskini na mabenki yalikuwa yakifungwa, lakini katika siku nne za kwanza iliingiza karibu dola 90,000. Tuzo za Oscar wakati huo hazikuwa na kitengo cha ufundi wa aina hiyo, hivyo aliyeyafanya hayo yote hakutuzwa.

Msomaji wa Afrika hawezi kuitazama filamu hiyo bila kukunja uso. Kisiwa chake cha kubuni kimewekwa katika bahari karibu na Sumatra, lakini wakazi wake, walioigizwa na Wamarekani weusi, wamepewa ngoma, mikuki na tambiko la kutoa watu kafara. Gorila mwenyewe amesingiziwa. Gorila wa milimani wanaopatikana katika mipaka ya Congo, Rwanda na Uganda ni wala majani, nao hukaa na familia zao kwa utulivu wasipochokozwa. Filamu za matukio na vitisho za enzi hiyo zilijengwa juu ya hofu ya Mzungu kwa nchi asizozijua. Hata hivyo, O'Brien alifanya jambo ambalo huenda wenye fedha hawakulikusudia. Kwa vidole vyake alimfanya huyo aliyeitwa zimwi kuwa ndiye anayeonewa. Watazamaji walioingia ukumbini kumwogopa Kong walitoka wakimhurumia, na hakuna aliyekumbuka sana majina ya wanadamu waliomuua.

Mwaka huo huo wa fahari ndio uliomvunja moyo. Ndoa yake na Hazel Collette ilikuwa imesambaratika, na mama huyo alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na wa akili. Walikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa alikuwa amepofuka kutokana na kifua kikuu. Inasimuliwa kwamba katika siku za kutengeneza Son of Kong, filamu ya haraka haraka iliyofuatia King Kong, O'Brien aliwaleta wanawe studioni, na yule asiyeona alifurahi kuzipapasa sanamu kwa mikono yake. Majuma machache baadaye, Oktoba 1933, mama yao aliwapiga risasi wote wawili wakafa, kisha akajipiga mwenyewe. Hakufa siku hiyo. Alifariki mwaka uliofuata.

O'Brien alirudi kazini, filamu ikamalizika na ikatoka Desemba. Hakuipenda kamwe Son of Kong, na hapakuwa na haja ya kumwuliza sababu. Mnamo Novemba 1934 alimwoa Darlyne Prenett, ambaye alikaa naye hadi mwisho na ndiye aliyehifadhi michoro na kumbukumbu zake nyingi.

Miaka iliyofuata ni orodha ya filamu ambazo hazikuzaliwa. War Eagles, kisa cha wapiganaji wanaoruka juu ya tai wakubwa, ilisimama Cooper alipoelekea vitani. Gwangi, kuhusu wachunga ng'ombe wanaomnasa dinosaria kwa kamba, ilifutwa mapema katika miaka ya 1940 baada ya matayarisho mengi. Kila mara alichora mamia ya picha, akachonga sanamu, kisha barua ikaja kutoka ofisini.

Wakati wa War Eagles ndipo kijana mmoja aitwaye Ray Harryhausen, aliyekuwa ameiona King Kong akiwa na umri wa miaka 13 na hakuwahi kupona, alipompigia simu. O'Brien alimkaribisha aje na sanduku la sanamu zake. Alizitazama, akamwambia bila kumbembeleza kwamba miguu ya dinosaria wake ilifanana na soseji zilizokunjamana, na kwamba hana budi kujifunza maumbile ya misuli. Kijana alikwenda kusoma. Walipokutana tena katika Mighty Joe Young, filamu ya mwaka wa 1949 kuhusu msichana aliyemlea gorila katika Afrika iliyojengwa studioni, O'Brien alishughulika zaidi na kupanga na kutatua matatizo, naye Harryhausen akafanya sehemu kubwa ya kusogeza sanamu.

Kwa filamu hiyo O'Brien alipata tuzo ya Oscar mwaka wa 1950. Joe, tofauti na Kong, hafi. Anawaokoa watoto katika nyumba ya mayatima inayoteketea, na kurudishwa kwao. Ila filamu yenyewe ilipata hasara, na wenye fedha wakaamua kwamba kazi ya mkono ni ghali mno.

Ajabu ni kwamba wakati huo huo soko lilifunguka kwa wengine. Mnamo 1952 King Kong ilirudishwa kumbini na kuvuna fedha tele. Mwaka uliofuata Harryhausen alitoa The Beast from 20,000 Fathoms, na mnamo 1954 Wajapani wakamtoa Godzilla, ambaye mbunifu wake, Eiji Tsuburaya, alikuwa mfuasi mkubwa wa King Kong. Kwa kukosa muda na fedha za kusogeza sanamu, Tsuburaya alimvisha mtu ngozi ya mpira. Dunia ilijaa mazimwi kutoka baharini, ardhini na angani, na baba yao alikuwa akitafuta kazi.

Alizopata ni zile za bei rahisi. Pamoja na Pete Peterson, fundi hodari aliyekuwa akiugua maradhi ya neva yaliyomdhoofisha viungo, alifanya The Black Scorpion na baadaye The Giant Behemoth ya mwaka wa 1959, ambamo mnyama aliyechafuliwa na taka za nyuklia anaivamia London. Uhaba wa fedha unaonekana wazi: gari lile lile linakanyagwa na mguu ule ule zaidi ya mara moja. Lakini mnyama anapotembea usiku kati ya majengo, akigeuza shingo taratibu kama mzee aliyepotea njia, mkono wa O'Brien unatambulika. Ndiyo maana filamu hizi, zilizopuuzwa na wahakiki zilipotoka, zimeendelea kutafutwa na watu wanaojua wazi kwamba theluthi mbili ya kila moja inachosha. Wanasubiri zile dakika.

Mnamo 1960 mtayarishaji Irwin Allen aliamua kuitengeneza upya The Lost World na akamwajiri O'Brien. Jina lake lilitumika kuipamba filamu. Kazi yake haikutumika. Badala ya sanamu, Allen alileta mijusi na mamba wadogo wa kweli, wakabandikwa pembe na mapezi, wakapigwa picha kwa karibu ili waonekane wakubwa. Mtu aliyewahadaa wanamazingaombwe miaka 38 awali alitazama mijusi yenye pembe za gundi ikiitwa dinosaria.

Pigo la mwisho lilitoka kwa Kong mwenyewe. O'Brien alikuwa amebuni kisa cha Kong akipambana na jitu lililoundwa na mjukuu wa Frankenstein, akakichorea picha na kumpelekea mtayarishaji John Beck. Beck alikiuza kwa kampuni ya Toho ya Japani bila kumweleza. Frankenstein akaondolewa, Godzilla akatiwa mahali pake, na King Kong vs. Godzilla ikatoka Japani Agosti 1962. O'Brien hakulipwa wala hakutajwa. Naye Kong, kwa mara hiyo, alikuwa mtu aliyevaa vazi la manyoya.

Willis O'Brien alifariki mjini Los Angeles Novemba 8, 1962 akiwa na umri wa miaka 76. Alikuwa amepata kibarua katika kichekesho cha It's a Mad, Mad, Mad, Mad World, akisaidia kutengeneza sehemu ambapo watu wananing'inia kwenye ngazi ya zimamoto na kurushwa huku na huku. Miaka saba baadaye Harryhausen aliuchukua ule mradi uliofutwa na kuutoa kama The Valley of Gwangi, wachunga ng'ombe na kamba zao wakiwemo. Mnamo 1997 chama cha wahuishaji wa filamu huko Hollywood kilimpa O'Brien tuzo ya heshima ya Winsor McCay, akiwa kaburini kwa miaka 35.

Sanamu nyingi alizotumia zilikwisha kuharibika, kwani mpira na sifongo havidumu. Hata hivyo, mnamo Novemba 2009 mojawapo ya sanamu za Kong iliuzwa katika mnada wa Christie's jijini London kwa zaidi ya pauni 120,000. Haikuwa na manyoya, pamba wala ngozi. Kilichobaki kilikuwa mifupa ya chuma na viungo vyake, ambavyo bado viliweza kukunjwa.